Tundu la Tatu Lisilo na Waya: Namna ya Kushughulikia Soketi Zisizo na Ethi Kwenye Nyumba ya Zamani

Swali ni lilelile, linabadilisha nguo tu. "Friji inanitekenya nikiishika bila viatu, ni kawaida?" "Nimenunua mashine ya kufulia, walioileta wamegoma kuiwasha, wanasema soketi haina ethi." "Nyumba ni ya marehemu babu, soketi zote ni za pini mbili, naweza kung'oa niweke za pini tatu?" Nimechoka kujibu mmojammoja, kwa hiyo naandika yote hapa.

Hilo la mwisho ndilo linalonikera zaidi. Soketi ya pini mbili ni mkweli: inakuambia wazi kwamba hapa hakuna ethi, jihadhari. Ukiibadilisha ukaweka ya matundu matatu bila kuvuta waya wa tatu, umeifundisha kusema uongo. Mgeni atakuja achomeke pasi akiamini analindwa, kumbe nyuma ya lile tundu la juu kuna hewa tupu.

Mifano nitaitoa kwenye nyumba ya mjomba wangu Tanga, ya kuta za mawe na chokaa. Waya wa kwanza ulifungwa kabla ya Uhuru, na tangu hapo kila fundi aliyepita ameongeza kiraka chake. Tulifungua soketi kumi na moja. Zenye ethi ya kweli zilikuwa mbili.

Ethi ni nini, kwa ufupi

Laivu inaleta umeme, nyutro inaurudisha. Ethi haifanyi kazi yoyote siku zote, imeshika tu bodi la chuma la kifaa na kuliunganisha na ardhi. Siku waya wa laivu ukichubuka ndani ya friji na kugusa bodi, umeme unapata njia ya kwenda ardhini na kinga inakata (breka ya kawaida peke yake mara nyingi haitoshi, tutaona kwenye hatua ya 8). Bila ethi breka haijui lolote. Bodi la friji linakaa na volti 230 likimsubiri atakayekuja kuchukua maji ya baridi akiwa peku.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Multimita inayopima volti za AC hadi 600 au zaidi. Kagua nyaya zake. Zikiwa na ufa, nunua nyingine.
- Bisibisi bapa na za nyota zenye mpini wa kuhami, plaizi, na kisu cha kumenyea waya.
- Tochi ya kichwani, maana kazi nyingi utafanya meni swichi (swichi kuu ya nyumba) ikiwa imezimwa.
- Waya wa kijani-njano wa milimita 2.5 za mraba, na mpira mwembamba wa kijani-njano wa kuvalisha waya ulio uchi.
- Viatu vyenye soli ya mpira, vikavu. Sakafu nayo iwe kavu.
- Karatasi na kalamu.
- Mtu mzima mwingine nyumbani, aliyeonyeshwa meni swichi ilipo na namna ya kuizima.

Tesita ya bisibisi, ile yenye kitaa ndani ya mpini, kaa nayo kama unayo lakini usiiamini kwa roho yako. Ukisimama juu ya ubao mkavu inaweza isiwake wakati umeme upo, na inaweza kuwaka kidogo kwenye waya usio na kitu. Zaidi ya hapo, haiwezi kukwambia chochote kuhusu ethi.

Na tuelewane mapema. Hatua ya 1 hadi ya 4 ni za kupima na kuangalia. Mtu makini mwenye mikono mitulivu anaziweza. Kuanzia hatua ya 5, kama hujawahi kufunga soketi, mwite fundi mwenye leseni. Tanzania leseni hiyo hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA, na si utovu wa adabu kumwomba akuonyeshe. Wewe soma mpaka mwisho hata hivyo, ili ukisimama pembeni ujue anachofanya na anachoruka.

Hatua ya 1: Chora soketi zote

Pita chumba kwa chumba. Andika kila soketi: ni ya pini mbili, ni ya pini tatu za mviringo za zamani, au ni ya pini bapa za 13A tunazotumia sasa? Ipe namba. Andika pia kifaa kinachokaa pale. Vyenye bodi la chuma au maji viwekee nyota: friji, pasi, birika la chuma, jiko, mashine ya kufulia, hita ya maji ya kuogea, pampu ya kisima. Hivyo ndivyo vya kuanza navyo. Chaja ya simu, redio ya plastiki na feni nyingi vina alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Maana yake vimehamiwa mara mbili na havihitaji ethi.

Usikiruke kikaratasi hiki. Nyumba za zamani zimefungwa kwa awamu, na mara nyingi utakuta sebule ina ethi kwa sababu iliguswa mwaka fulani, jiko halina.

Hatua ya 2: Toka nje utafute fimbo

Kabla hujafungua soketi hata moja, nenda kwenye mita na ufuate waya wa kijani au wa shaba ulio uchi unaoshuka ukutani. Unapaswa kuishia kwenye fimbo iliyopigiliwa ardhini. Mambo niliyoyakuta kwa macho yangu: waya umeliwa na kutu mpaka umeachana na fimbo, waya umekatwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kimebaki kipande cha urefu wa kidole, fimbo imefunikwa na zege la baraza na hakuna anayekumbuka ilipo, na mara moja, "fimbo" ilikuwa nondo fupi iliyochomekwa kwenye tofali la ukuta wa bustani.

Pale Tanga tuliona waya umefungwa kwa kuzungushwa mara tatu kwenye fimbo, bila klampu. Niliugusa kwa plaizi ukaanguka wenyewe. Hewa ya chumvi ya pwani inakula haraka.

Kama hakuna fimbo, au haijaungwa, basi soketi zote hazina ethi hata zile ambazo waya wake wa kijani umefungwa vizuri. Andika hivyo kwenye karatasi yako, endelea.

Hatua ya 3: Pima soketi ikiwa na umeme

Weka multimita kwenye volti za AC, kiwango cha juu. Shika vishikio nyuma ya kingo zake za plastiki. Mkono mmoja ukiweza kukaa mfukoni, ukae.

Kwenye soketi ya 13A, ukiitazama kwa mbele, tundu la juu ni ethi, la chini kulia ni laivu, la chini kushoto ni nyutro. Yale mawili ya chini yana vifuniko vidogo vinavyofunguka pini ndefu ya ethi inapoingia juu. Kwa hiyo anza kuingiza ncha moja kwenye ethi mpaka ndani, kisha ncha ya pili kwenye laivu. Kifuniko kikikataa, usilazimishe kwa msumari wala kwa bisibisi. Tafuta kipima soketi cha kuchomeka chenye taa tatu. Hakina bei kubwa.

Soma hivi:

- Laivu na ethi: unataka namba iliyo karibu sawa na ya umeme wa nyumba, yaani kwenye 230 na pembeni yake.
- Nyutro na ethi: unataka namba ndogo, sifuri na ushei hadi volti chache.
- Laivu na ethi ikikupa namba ya ajabu, tuseme 47, mara 110, mara 80, na inayumba ukisogeza waya: hakuna ethi. Hizo ni volti za mzimu, multimita inanusa umeme wa nyaya za jirani.
- Nyutro na ethi ikikupa 230, na laivu na ethi sifuri: laivu na nyutro vimebadilishana nafasi. Andika, kirekebishwe kabla ya lingine lolote.

Ukiona namba nzuri usishangilie bado. Namba nzuri zinaweza kughushiwa.

Hatua ya 4: Isake ethi ya uongo

Huu ndio ujanja mbaya kuliko yote na umeenea. Fundi anafika, hakuna waya wa ethi, mteja anataka kipima kiwake taa sahihi. Anachukua kipande cha waya, anaunga kichwa cha nyutro (pale waya unapokazwa kwa skrubu) na kichwa cha ethi hapohapo nyuma ya soketi. Kipima kinasema safi. Multimita inasema 230. Anachukua hela yake anaondoka.

Sasa fikiria nyutro imekatika mahali, iwe ndani ya ukuta au kwenye nguzo baada ya upepo. Umeme ulioingia kwenye friji hauna pa kurudi, unapita kwenye kile kipande cha waya na kukaa kwenye bodi. Friji nzima inakuwa laivu *bila friji yenyewe kuharibika popote*. Heri isiyo na ethi kabisa.

Namna ya kuinusa: kwenye soketi ya mbili kwa moja, chomeka birika lenye maji upande mmoja, liwashe, na usiliguse. Upande wa pili pima nyutro na ethi. Birika la wati 2000 linavuta karibu ampea 9, na nyutro yenye urefu wowote lazima ionyeshe ongezeko: kama ilikuwa 0.3 itapanda labda hadi 1 au 2. Ikibaki 0.0 birika likiwa limewashwa na 0.0 likiwa limezimwa, weka alama ya mshangao kwenye karatasi. Utakapoifungua soketi hiyo, kitu cha kwanza kutafuta ni kile kipande cha waya.

Hatua ya 5: Zima, hakikisha, ndipo ufungue

Zima meni swichi. Kama kuna inveta, sola au jenereta, zima na hiyo. Nasisitiza kwa sababu nimeona mtu akifanya kazi kwa kutegemea kwamba "yuniti zimeisha". LUKU, yaani mita ya kulipia kabla, ikiishiwa si kuzima umeme. Kuna mtoto sebuleni ana simu na ana tokeni, anataka kuangalia katuni.

Halafu hakikisha kwa mpangilio huu: kabla ya kuzima, pima soketi unayojua ina umeme, uone multimita inafanya kazi. Zima. Pima soketi unayotaka kuifungua, laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Kisha thibitisha tena kwamba multimita haijafa katikati ya kazi, kwa kuipima kwenye chanzo kingine unachokijua. Betri ya multimita hufa saa mbaya.

Bodi za umeme (kisanduku chenye fyuzi au breka) za zamani sana zina fyuzi mbili za kauri kwa kila saketi, moja ya laivu na moja ya nyutro. Usichomoe fyuzi moja ukadhani umemaliza. Inaweza kuwa umechomoa ya nyutro na waya bado unasubiri. Zima meni.

Fungua skrubu mbili, ivute soketi taratibu, usikate wala kupinda kitu. Piga picha kwanza. Kisha tazama.

Rangi: nyaya za zamani ni nyekundu kwa laivu, nyeusi kwa nyutro, kijani kwa ethi. Za sasa ni kahawia, buluu, na kijani-njano. Lakini usiape kwa rangi. Fundi akiishiwa nyekundu alitumia alichonacho, na nimeshakuta waya wa kijani umebeba laivu ya taa ya baraza.

Kitu kimoja cha kukufanya usimame hapohapo: gamba la waya likiwa la mpira mweusi lenye kitambaa juu yake na linamomonyoka kama makapi ukiligusa, rudisha soketi ukutani kwa upole na usiwashe saketi hiyo. Hapo si suala la ethi tena. Nyumba inahitaji kuvutwa waya upya.

Hatua ya 6: Fanya kulingana na ulichokikuta

*Waya wa ethi upo, haujaungwa.* Hii ndiyo bahati. Kwenye waya wa twini wenye ethi, ethi iko katikati ikiwa uchi, na fundi mvivu huikata au kuikunja nyuma akidhani haina kazi. Mjombani tulikuta soketi nne za namna hii: shaba imekunjwa nyuma ya boksi, imejaa chokaa, na kwenye kichwa cha ethi cha soketi skrubu bado ina rangi ya kiwandani. Isafishe shaba mpaka ing'ae, ivalishe mpira wa kijani-njano, menya ncha kiasi cha sentimita moja, ingiza kwenye kichwa chenye herufi E au alama ya ethi, kaza. Uvute kwa mkono, ukitoka haukukazwa. Boksi likiwa la chuma, toa kipande cha waya kutoka kichwa hichohicho hadi kwenye skrubu ya ethi ya boksi, maana boksi nalo linaguswa, kupitia zile skrubu za mbele.

*Kipande cha waya kati ya nyutro na ethi.* Kiondoe, leo. Usiseme utakiondoa ukipata fimbo. Soketi hiyo sasa haina ethi na inahesabiwa kama zile zinazofuata.

*Hakuna waya wa ethi, ila nyaya zimepita ndani ya paipu la chuma.* Zamani paipu lenyewe ndilo lilikuwa ethi. Lilipofungwa lilikuwa sawa. Miaka sitini baadaye maungio yameota kutu, na pengine mtu alikata kipande akaweka cha plastiki alipoongeza chumba. Usilitegemee. Litumie kwa faida nyingine: ni njia iliyo tayari. Funga waya mpya wa kijani-njano kwenye kamba ya kuvutia na upitishe ndani. Kwenye paipu lililonyooka ni kazi ya dakika kumi. Kwenye lenye kona tatu utatokwa jasho.

*Hakuna waya, hakuna paipu.* Waya wa nyuzi mbili umezikwa kwenye plasta. Una njia tatu. Ya kwanza, na ndiyo sahihi, ni kuvuta saketi mpya yenye waya tatu kwa zile soketi ulizoziwekea nyota. Ya pili ni kupitisha waya wa ethi peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme hadi soketi: milimita 2.5 za mraba ikiwa ndani ya paipu au kasha jembamba la plastiki la juu ya ukuta (trunking), milimita 4 ikipita wazi. Kwenye ukuta wa mawe na chokaa usianze kuchimba mfereji. Ukuta utamomonyoka zaidi ya ulivyopanga. Kasha la plastiki si zuri kwa macho lakini utalizoea. Ya tatu ni kuacha soketi kama ilivyo, ya pini mbili, na kuitumia kwa vifaa vya mraba-ndani-ya-mraba tu. Kwa taa ya mezani na chaja inatosha kabisa.

Makosa ya hatua hii nayajua kwa sababu yanarudiwa kila mtaa:

Usiunge ethi kwenye bomba la maji. Zamani mabomba yote yalikuwa chuma na yaliingia ardhini. Siku hizi kipande cha katikati ni plastiki, na unachofanya ni kupeleka umeme kwenye bomba la bafuni.

Usiunge kwenye nondo za dirisha, wala kwenye bati.

Usiondoe pini ya ethi kwenye plagi ya pasi ili iingie kwenye soketi ya zamani. Na ule mchezo wa kuzamisha kifuniko cha biki kwenye tundu la juu ili chaja ya pini mbili iingie, uache. Adapta ipo.

Usiunge soketi moja na ethi ya nyingine kwa kupitia ekstensheni. Ekstensheni yenye matundu matatu ikichomekwa kwenye soketi isiyo na ethi inaeneza ukosefu uleule kwa vifaa sita.

Hatua ya 7: Fimbo ya ethi

Fimbo ya kununua ni ya chuma iliyovikwa shaba, yenye urefu wa mita 1.2 au zaidi. Ipigiliwe nje karibu na mita, mahali panapopata unyevu, si chini ya paa pakavu. Kwenye ardhi ya tope inazama vizuri. Kwenye mwamba wa matumbawe, kama sehemu nyingi za Tanga, Mombasa na Unguja, itagoma kwenye sentimita arobaini. Usiikate iliyobaki ukajifanya imezama! Sogea mita moja au mbili ujaribu tena, au ziwekwe mbili zilizoachana kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo yenyewe na kuunganishwa.

Waya wa kutoka kwenye bodi ya umeme hadi fimbo uwe mnene. Sisi tulitumia milimita 16 za mraba wenye gamba, ndani ya paipu la plastiki mpaka chini. Ufungwe kwa klampu ya shaba, na juu pawekwe kisanduku chenye mfuniko ili uweze kukagua. Kumwaga chumvi na mkaa shimoni ni desturi ya mafundi wengi. Chumvi inashusha ukinzani (kiasi ardhi inavyozuia umeme kupita) kwa muda, kisha mvua inaiosha na fimbo inabaki na kutu. Mimi siiweki.

Mwambie fundi apime ukinzani wa fimbo kwa kipima ethi, akuandikie namba. Chini ya ohmu 200 ndipo inapoanza kuaminika pamoja na RCCB, swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja (hatua ya 8). Ikishuka zaidi, vizuri zaidi. Namba inayopimwa wakati wa masika itapanda kiangazi, kwa hiyo usifurahie 190 ya mwezi wa nne.

Hatua ya 8: RCCB, bila hiyo fimbo haitoshi

Hapa ndipo wengi wanaachia njiani. Wameweka fimbo, wameunga ethi, wamemaliza. Piga hesabu kidogo: fimbo ya ohmu 100, laivu imegusa bodi la friji. Volti 230 gawanya kwa 100 ni ampea 2.3. Breka ya ampea 20 itakaa imetulia kama haijasikia kitu, na bodi la friji litaendelea kuwa na umeme.

Kwa hiyo kwenye bodi ya umeme iwekwe RCCB yenye maandishi 30 mA. Hii inalinganisha umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Ukipotea kidogo njiani, inakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Nyutro ya saketi zinazolindwa lazima ipite ndani yake pia. Na RCCB haizuii mzigo kupita kiasi. Breka za kawaida zibaki mahali pake.

"Je, nikiweka RCCB bila ethi?" Inasaidia, na kwa nyumba ambayo hela ya kuvuta waya haijapatikana ni jambo la kwanza ningelifanya. Tofauti ni hii: penye ethi, RCCB inakata pale kifaa kinapoharibika, hakuna aliyekigusa. Pasipo ethi, inakata pale *wewe* unapokigusa. Utapigwa, kwa muda mfupi. Kama umechagua hivyo kwa sasa, bandika karatasi kwenye kila soketi ya namna hiyo: HAKUNA ETHI.

Hatua ya 9: Washa na upime upya

Rudia hatua ya 3 na ya 4 soketi kwa soketi, ukijaza karatasi yako. Kisha bonyeza kitufe cha T kwenye RCCB, lazima iruke, yaani ijizime. Ila jua kitufe hicho kinapima RCCB yenyewe tu. Itaruka hata kama fimbo yako imeng'olewa jana. Ethi inathibitishwa kwa kupimwa, haina njia ya mkato. Bonyeza T kila baada ya miezi michache, na kila mwanzo wa mwaka fungua kile kisanduku uitazame klampu.

Mambo yakienda kombo

RCCB inaruka mara tu baada ya kuunga ethi. Usimlaumu fundi, na usiiondoe. Kuna kitu kilikuwa kinavuja siku zote, sasa kimepata njia. Chomoa vifaa vyote, iwashe, rudisha kimoja kimoja. Watuhumiwa wakuu ni hita ya maji, birika la zamani na friji. Ikiruka vyote vikiwa vimechomolewa, huenda bado kuna kipande cha nyutro na ethi kimejificha kwenye soketi ambayo hukuifungua, au kwenye boksi la maungio.

Inaruka mvua ikinyesha tu. Angalia taa za nje, swichi ya baraza na pampu. Maji yameingia kwenye boksi.

Laivu na ethi inasoma 170 au 190 badala ya 230. Ethi imekatika au imelegea mahali, au fimbo ni dhaifu. Anza na maungio, ndipo uende kwenye fimbo.

Kompyuta mpakato bado inatekenya baada ya kazi yote. Tazama plagi ya chaja yake. Kama pini ya juu ni ya plastiki au ina pini mbili, haitumii ethi yako. Mtekenyo huo mwepesi unatokana na kichujio cha ndani ya chaja. Friji ikikutekenya, hiyo ni habari nyingine: ichomoe.

Kitufe cha T hakirushi chochote. Hakikisha umeme upo. Kama upo, RCCB imekufa, badilisha.

Taa zinang'aa kupita kiasi chumba kimoja na kufifia kingine, au nyutro na ethi inasoma makumi ya volti. Hiyo ni nyutro iliyokatika au inayokaribia. Zima meni swichi sasa hivi, usichomeke kitu, ipigie simu ya dharura kampuni ya umeme.

Soketi moja imegoma kupata ethi hata baada ya kuvuta waya. Kwa mjomba ilikuwa namba 9, ya chumba cha nyuma. Tulihangaika saa nzima. Waya ulikuwa umeingia kwenye kichwa, skrubu imekazwa, lakini imekaza juu ya gamba la plastiki, si juu ya shaba. Fungua, menya nusu sentimita zaidi, kaza tena.